Waya Mbili za Kisima cha Hirbadaw

Mbulu, 4 Agosti 2025

Kaka Gidamis,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo yangu, na mama pia, kabla hujaendelea kusoma, maana ukifika mbele utasahau.

Nimeitwa! Unakumbuka ile kazi ya fundi wa pampu za sola niliyoomba mwezi wa tano, nikakwambia wamekaa kimya? Wiki mbili zilizopita walinipigia simu wakanihoji robo saa. Nilijibu nikiwa nimesimama sokoni katikati ya mafungu ya vitunguu, kidole kimoja kwenye sikio. Sikukwambia, kwa sababu niliona nimeharibu. Leo asubuhi umeingia ujumbe kwamba nimepita na niende awamu ya pili. Niliusoma mara nne. Halafu nikampa dada Mectilda, yule muuguzi wa Bukoba ninayeishi naye chumba kimoja, ausome yeye. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Akausoma kwa sauti, nikakaa chini sakafuni kama mtu aliyepigwa.

Tulioomba tulikuwa mia moja na kumi na tatu. Tumebaki sita.

Awamu hii si ya simu. Nitakaa mbele ya watu, hapa hapa Mbulu, tarehe 27, na watanihoji ufundi wenyewe: visima, pampu, nyaya, hesabu za maji. Yote kwa Kiingereza. Hapo ndipo ninapoogopa. Chuoni tulisoma vitabu vya Kiingereza, mwalimu akatufafanulia kwa Kiswahili, na kwenye mtihani tukamwaga tulichokariri. Kuongea ni kitu kingine kabisa. Na mimi hata Kiswahili nilikikuta shuleni.

Nikipata, nitakuwa mwajiriwa kweli, si mtu wa kujitolea kama nilivyo sasa mwaka wa pili. Na eneo la kazi ni Mbulu na Hanang, yaani hata kwetu nitafika.

Barua hii anakuletea Lameck wa fuso akija kuchukua ng'ombe mnadani. Umpe majibu akirudi. Najua simu yako imezima tangu pampu ilipokufa na paneli kufungwa, huna pa kuichaji.

Mdogo wako,
Kornelia


Hirbadaw, 12 Agosti 2025

Mdogo wangu Kornelia,

Marahaba. Baba anasema marahaba. Mama anasema marahaba na anauliza kama unakula.

Nilimsomea baba barua yako zizini, ng'ombe wakiingia. Nilipofika kwenye watu mia moja na kumi na tatu alinishika mkono, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Hao sita waliobaki, wengine ni wanaume?" Nikamwambia hukuandika. Kisha akauliza, "Na hicho Kiingereza, wanaongea na pampu?" Mama alicheka mpaka akamwaga maziwa ya kibuyu. Sijamsikia mama akicheka tangu mwaka jana.

Huku ni kukavu. Tunanywesha siku moja, tunaruka siku moja. Alfajiri tunatoka, tunafika lamboni jua likiwa kichwani, na tope lake lina rangi ya chai. Ndama wawili wamekufa, yule mwekundu wa mama na mwingine. Kisima kiko pale pale na kufuli lake. Ng'ombe bado wanakwenda wenyewe kwenye birika lile, wanalamba saruji.

Baba bado haitwi mkutanoni tangu alipoondolewa uenyekiti wa kamati ya maji. Wazee wenzake wanapita mbele ya zizi na fimbo zao, wanamsalimia vizuri, wanapita. Anawatazama mpaka wanapotelea mbele. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana kampuni ilipoandika kwamba pampu imeharibiwa na watumiaji, yeye alisimama akasema neno moja tu: "Ufunguo ulikuwa kwangu." Mpaka leo ni hilo hilo.

Hukutaja jina la kampuni inayokuita. Ni ipi? Baba aliuliza, nikamwambia labda umesahau.

Jambo lingine dogo. Wakikuuliza unatoka wapi, sema Mbulu. Inatosha.

Kaka yako,
Gidamis


Mbulu, 18 Agosti 2025

Kaka Gidamis,

Shikamoo. Nimesikitika kuhusu yule ndama wa mama.

Sikusahau. Nilificha. Kampuni ni ile ile, iliyotuchimbia kisima na kutuwekea pampu, na ndiyo iliyoandika ripoti ile. Najua baba alisema jina lao lisitajwe tena nyumbani kwake. Ndiyo maana sikulitaja. Nilipoomba, nilijiambia kwamba hawataniita, basi hakuna wa kumuumiza. Wameniita. Sasa sijui nifanye nini zaidi ya kwenda. Kazi za ufundi wangu huku ni za kuhesabu kwa vidole, kaka, na mimi nina miaka ishirini na sita.

Usimwambie baba kwanza. Nikikosa, litakufa kimya kimya. Nikipata, nitakuja nimwambie mwenyewe uso kwa uso.

Maandalizi yananiua. Mectilda akitoka zamu wodini, anakaa kitandani na uchovu wake wote, ananishikia kitu: pasi, jiko la mkaa, redio. Ananiambia nikielezee kwa Kiingereza, kina nini, kinafanya kazi vipi, kikiharibika nitajuaje. Siku ya kwanza pasi ilinishinda. Nilibaki nasema "hii, hii, hii." Akaniambia, "Wewe unatafsiri. Ndiyo maana unachelewa. Usitafsiri, taja unachokiona. Sentensi moja, nukta. Sentensi nyingine, nukta. Na usiposikia swali, waombe warudie. Hakuna mgonjwa aliyekufa kwa daktari kuuliza mara mbili." Sasa jiko nalieleza vizuri. Jana nimeeleza pampu nzima, kutoka paneli mpaka bombani, nikakwama sehemu mbili tu.

Kwa nini niseme natoka Mbulu?

Mdogo wako,
Kornelia


Hirbadaw, 22 Agosti 2025

Kornelia,

Usiende.

Nakuomba kama kaka yako. Tafuta kazi kwa watu wengine, hata kama utasubiri mwaka mwingine. Usikae mbele ya hao watu. Usiniulize sababu kwenye barua. Lameck ananisubiri, injini inawaka.

Gidamis


Mbulu, 28 Agosti 2025

Kaka,

Shikamoo.

Fuso la Lameck lilivunjika gia njiani, likalala Dongobesh siku tatu. "Usiende" yako imenifikia jana jioni, nimeshatoka huko huko. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko. Usimsomee baba barua hii. Isome peke yako.

Walikuwa watu watatu. Mkuu wa ufundi, mzee mmoja anaitwa Godlisten, Mchaga, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mama mmoja wa utumishi, anaitwa Judith. Na mhandisi mwingine alikuwa kwenye kompyuta, yuko Nairobi, sura yake inaganda ganda.

Swali la kwanza liliniua. Mhandisi wa kwenye kompyuta aliongea haraka, nikamsikia kama redio iliyokosa stesheni, nikajibu, "Ndiyo." Halikuwa swali la ndiyo au hapana. Mama Judith akaangalia karatasi zake. Nikamkumbuka Mectilda, nikasema kwa Kiingereza: samahani, naomba urudie, polepole. Akarudia. Alikuwa anauliza kijiji chenye watu elfu moja na ng'ombe mia tatu kinahitaji maji kiasi gani kwa siku. Kaka, hilo nalijua hata usingizini! Nikamjibu, na nikaongeza mbuzi na punda aliowasahau. Mzee Godlisten akatabasamu. Kuanzia hapo niliona mguu umepata ardhi. Nikaulizwa unene wa waya, nikajibu. Nikaulizwa paneli, nikajibu. Sentensi, nukta. Sentensi, nukta.

Halafu mzee Godlisten akasema, "Sasa tunakupa kisima kilichokufa. Tuambie kilikufa kwa nini." Akanisogezea karatasi za vipimo na picha tatu. Jina la kijiji lilikuwa limefutwa kwa wino mweusi.

Picha ya kwanza ilikuwa birika la kunyweshea. Lina ufa kwenye kona ya kulia, na ndani ya ufa huo mtu ameingiza jiwe jeupe. Jiwe lile aliliweka mama.

Nililitazama jiwe lile na Kiingereza chote kikanitoka kichwani kama maji kwenye ndoo iliyopinduka. Nikachukua picha ya pili, mdomo wa kisima. Nikachukua ya tatu. Ilikuwa kontrola imefunguliwa, kile kisanduku kinachoiongoza pampu. Ndani kuna waya tano. Mbili zinatoka kwenye sensa, kile kidude kinachoning'inia ndani ya kisima na kuiambia pampu: maji yamepungua, pumzika. Hizo mbili zilikuwa zimekatwa, zikaunganishwa zenyewe kwa zenyewe, ili pampu isisikie tena. Na zilifungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, mizunguko mitatu, ncha imechomekwa chini. Mizunguko inakwenda kushoto.

Nani mwingine kwetu anafunga kwa mkono wa kushoto? Umenifungia hivyo mpini wa jembe, begi la shule, na kandambili nilipokuwa darasa la tatu.

Nilisikia mtu anasema, "Gidamis." Kumbe nilikuwa mimi.

Mama Judith akauliza, "Umesema nini?"

Nikasema samahani. Nikaomba maji ya kunywa. Kaka, katika dakika ile niliona milango miwili tu. Nikisema waya zimeunganishwa na watumiaji, nimejibu sahihi, ndivyo ripoti yao inavyosema, nimepata kazi, na nimekumaliza wewe na baba kwa mdomo wangu. Nikisema sijui, nimekosa kazi, na nyie mmebaki mlivyo.

Nikachukua karatasi za vipimo ili nipate mahali pa kuficha macho. Na hapo ndipo nilipopigwa mara ya pili. Namba zile zilikuwa zinaongea! Mwezi wa sita maji kisimani yanashuka kidogo mchana, usiku yanarudi. Mwezi wa saba yanashuka zaidi. Mwezi wa nane, kila siku saa sita, yanafika kwenye sensa na pampu inajizima. Nikatafuta siku waliyopima uwezo wa kisima kabla ya kuweka pampu. Walipima mwezi wa nne, mvua zikiwa zimejaa. Na walipima kwa saa tano tu. Kisima kinachopimwa kwa masika lazima kidanganye. Wakaweka pampu inayovuta maji mengi kuliko kisima kinavyoweza kutoa kiangazi. Ile taa nyekundu ya kontrola mliyokuwa mnaitukana kila mchana haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema kweli.

Basi nikasema. Kiingereza changu ni kifupi, kaka, kwa hiyo na ukweli ulitoka mfupi. Nilisema: Sensa ilikuwa nzima. Pampu ni kubwa mno. Kisima kilipimwa wakati wa mvua. Saa tano hazitoshi. Kosa la kwanza ni la aliyepima. Mtu ameunganisha waya mbili. Pampu ikavuta hewa, ikaungua. Kosa la pili ni lake. Lakini ziko waya tano, na amechagua mbili zile zile zinazotakiwa. Mchungaji wa ng'ombe hawezi kuzijua peke yake. Kuna fundi alimwelekeza.

Yule wa Nairobi alikuwa ameganda, sikujua kama ni mtandao au ni yeye.

Mzee Godlisten akauliza, "Ungefanya nini kukifufua?" Nikasema ningeweka pampu ndogo, ivute taratibu siku nzima, na tanki kubwa, ng'ombe wanywe kwenye tanki badala ya kukisubiri kisima.

Wakafunga karatasi. Nikaona nikinyamaza hapo nitakuwa nimewaibia. Nikasema, bado kwa Kiingereza, "Kuna jambo lazima mlijue. Kisima hiki ni cha Hirbadaw. Ni nyumbani. Mwenyekiti wa kamati ya maji aliyeondolewa ni Gidahosh. Ni baba yangu."

Mama Judith aliweka kalamu chini. Mzee Godlisten alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Asante, Kornelia. Unaweza kwenda." Nilitoka sikumbuki mlango ulikuwa upande gani.

Kazi hiyo nimeikosa, najua. Sitaki tuongelee kazi. Nataka unijibu neno moja. Ni wewe?

Kornelia


Hirbadaw, 3 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa tisa mwaka jana. Kila mchana taa nyekundu inawaka, pampu inazima. Ng'ombe mia mbili wamesimama kwenye birika wanalia. Wewe umesoma, unajua taa ile inasema nini. Sisi tulikuwa tunaona mashine inayotukomoa. Watu walimjia juu baba kwamba hajui kuiendesha. Nikachukua simu nikampigia Bonaventura, yule fundi wa kampuni aliyeifunga. Aliniachia namba yake. Nikamwambia njoo. Akasema yuko mbali, hana gari, ni tatizo dogo, atanitumia maelekezo. Akanitumia ujumbe. Nikafungua kisanduku nikafanya kama alivyoandika. Taa ikazima. Pampu ikavuta mpaka jioni. Watu walinibeba juu, Kornelia. Waliniita fundi.

Baada ya wiki tatu ilinuka moshi, ikafa.

Watu wa kampuni walipokuja kuchunguza, Bonaventura alikuja nao. Alinitazama kama hajawahi kuniona. Nikafungua mdomo, baba akanikanyaga mguu. Akasimama, akasema ufunguo ulikuwa kwake. Usiku huo nililia mbele yake. Akaniambia, "Mzee akikosea anatolewa kwenye kamati. Kijana akikosea anatolewa kijijini. Una mke mwenye mimba. Kaa kimya." Nikakaa. Miezi kumi nimekaa kimya, na kila wanapompita pale zizini najisikia kama nimemeza kaa la moto.

Uliniambia nisimsomee baba barua yako. Nimemsomea, yote, na jina lako na jina la kampuni. Nilipofika kwenye jiwe la mama alifumba macho. Nilipofika kwenye saa tano za masika aliyafumbua. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia mara tatu. Akasema, "Kwa hiyo kisima chenyewe kilikuwa kinaomba kupumzika." Kisha akasema, "Na huyu mtoto amewaambia hivyo usoni? Kwa lugha yao?"

Nimemwambia nitasimama mkutanoni mwezi huu mwenyewe. Hakukataa. Hakukubali.

Lameck anakuletea simu yangu kwenye mfuko wa nailoni. Ichaji. Ujumbe wa Bonaventura umo, sijafuta. Fanya unavyoona wewe.

Gidamis


Mbulu, 16 Septemba 2025

Kaka,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Jumatatu ya tarehe 8 nilikuwa nafua, simu ikalia, namba nisiyoijua. Mama Judith. Akaniambia kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kama anaagiza mchele, kwamba nimechaguliwa, niende tarehe 11 kusaini mkataba. Nilimwambia, "Umekosea namba." Akasema, "Wewe si Kornelia wa kisima?" Nilikaa na simu sikioni hata baada ya kukata, povu linanichuruzika mpaka kiwikoni. Mectilda alitoka ndani mbio akidhani nimepata habari za msiba.

Kesho yake Lameck akaleta simu yako.

Niliichaji asubuhi nzima. Ilipowaka nilitafuta, nikaupata. Tarehe 23 Septemba 2024, saa saba mchana: "Kata ya 4 na ya 5 uziunganishe, taa itazima, usimwambie mtu wa ofisini." Nilisoma hilo la mwisho nikahisi baridi, jua likiwa kali. Alijua, kaka. Alijua kabisa.

Sitakuficha. Siku nzima niliikalia simu ile. Mkataba ulikuwa haujasainiwa. Nilijiambia, saini kwanza, mwezi ukipita ndipo uionyeshe. Halafu nikawaona wale wazee wanavyompita baba na fimbo zao. Mwezi mmoja zaidi wa kupitwa, kwa ajili ya woga wangu?

Tarehe 11 nilifika, mkataba uko mezani na kalamu juu yake. Nikaweka simu yako juu ya mkataba. Mzee Godlisten akasoma. Akampa mama Judith akasoma. Yule mama akasema, "Yesu Maria."

Mzee Godlisten akainuka akafunga mlango. Akaniambia kwamba ripoti ile aliitia saini yeye mwenyewe mwaka jana, ofisini, bila kufika Hirbadaw. Baadaye namba zile zikamsumbua, ndiyo maana akakifanya kisima chetu kuwa swali la usaili. Alitaka macho mengine. Wenzangu wote watano, mmoja mmoja, walitazama waya zile wakasema: watumiaji wameharibu. Wengine walisema kwa Kiingereza kitamu kuliko changu. Hakuna aliyefungua ukurasa wa vipimo. "Siku ile nilikuchagua kabla hujasema ni kwenu," akasema. "Uliposema ni kwenu, niliogopa. Nilikaa siku kumi nikibishana na wenzangu na mimi mwenyewe. Na sasa hii." Akaigonga simu kwa kidole.

Nikamuuliza, "Mkataba bado upo?"

Akanisogezea kalamu.

Bonaventura amesimamishwa, wanamhoji. Ripoti ya zamani inafutwa kwa maandishi, na nakala itakuja kwa kijiji, kwa Kiswahili, nimewaambia lazima iwe kwa Kiswahili. Pampu ndogo na tanki vinakuja kwa gharama yao. Kuna kitu kimoja sikukipenda. Kosa lako nalo limeandikwa humo. Niliombwa nilithibitishe, nikathibitisha. Unichukie ukitaka.

Mdogo wako,
Kornelia


Hirbadaw, 1 Oktoba 2025

Mwanangu Kornelia,

Huyu ni baba yako Gidahosh. Kaka yako anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asipunguze wala asiongeze.

Karatasi imefika. Mwenyekiti wa kijiji ameisoma mbele ya watu wote juzi, chini ya jua, mpaka mwisho. Watu walikaa kama mifugo iliyosikia chui. Aliposema "kisima kilipimwa wakati wa mvua" wazee walitazamana. Aliposema "waya ziliunganishwa" kaka yako alisimama kabla jina halijasomwa. Akasema, "Ni mimi. Baba alibeba mzigo wangu." Hakulia. Mimi nilidhani atalia.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonishtua. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Kikongwe mmoja, mama yake marehemu Baltazar, aliinuka kwa fimbo yake akaja mpaka nilipokaa. Akasema kwa lugha yetu, watu wote wanasikia: "Miezi kumi nimepita mbele ya zizi lako. Nimekusalimia kwa mdomo, moyoni nilikuwa nakutemea mate. Leo nimekuja unitemee mate wewe." Sikujua nimfanye nini mwanamke mzee kiasi kile. Nilimshika mkono akakaa karibu yangu. Tukakaa hivyo mpaka mkutano ukaisha.

Kaka yako amepewa adhabu. Ataichotea shule maji kwa punda wetu wawili mpaka kisima kipone. Nimeona ni haki. Ameanza leo. Kuhusu kuthibitisha kosa lake, umefanya sawa. Nami nilimficha kwa kumpenda, nikamharibu. Tumempenda wote wawili kwa njia mbalimbali, mimi na wewe sijui nani alimpenda zaidi.

Wananirudisha kwenye kamati. Nimesema nitafikiri.

Sasa sikiliza. Tumeambiwa mafundi wanakuja tarehe 10 na wewe ni mmojawapo. Usipitie nyumbani. Mama yako atataka, atatuma mtu njiani, usimsikilize. Shuka kwenye gari, nenda kisimani, fanya kazi mbele ya watu, pima wewe mwenyewe, na usipime saa tano. Mimi nitakuwa pale nimekaa na wazee. Usije kuniamkia. Watu wasije kusema maji yametoka kwa undugu. Yakitoka, njoo unisalimie.

Sijui Kiingereza cha kukupongeza.

Baba yako,
Gidahosh

Mimi mwandishi, Gidamis, nimemaliza maneno yake kama alivyoagiza. Amekwenda kuangalia ndama. Naongeza moja ambalo hakusema, asijue. Tarehe 10 bado siku tisa, lakini leo asubuhi amechukua ndoo ya mwisho ya maji tuliyokuwa nayo, amekaa nyuma ya nyumba, amefua shuka lake jekundu kwa mikono yake. Mama alipiga kelele. Baba amelianika mwenyewe juu ya boma, na amelikalia ulinzi mpaka likakauka, mbuzi wasiliguse.